Kitabu Kilichokatwa kwa Msumeno

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi kufuli, na mbao moja ni ndefu kuliko mwenzake, kwa hiyo anayekaa mwisho hukaa kwa imani. Fundi mwenyewe wanamwita Kitasa. Kila asubuhi wanakutana watatu hapo: Kitasa, akichonga funguo, Kapteni, ambaye jeshini alikuwa mpishi lakini hutamsikia hata siku moja akitaja sufuria, na Nusu Profesa, aliyeacha chuo mwaka wa pili ila hajaacha kufundisha. Kahawa analeta Mama Chupa kwenye chupa mbili za chai, na ikiisha imeisha, usimlilie. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa na siku ya nne. Gari la kipaza sauti lilikuwa limepita likitangaza kwamba mto umefika kwenye mstari mwekundu wa nguzo ya daraja, wakazi wa safu ya chini wakae tayari. Kitasa anakaa safu ya chini, nyumba ya mwisho kabla ya mto, yeye na mama yake, ambaye kiharusi kilimlaza miaka mitatu iliyopita na hajasimama tena. Jirani ndiye anayekaa naye asubuhi, Kitasa akiwa kazini. Kitasa alikwisha kuharibu funguo mbili.

— Sasa wewe unaogopa nini? — Kapteni alimwuliza. — Mtu ana maktaba nyumbani! Vitabu thelathini na kimoja vya kujiokoa. Mto ukisikia hivyo unageuza.

— Thelathini na vitatu, — alisema Nusu Profesa. — Kile kikubwa tulikigawa, kwa hiyo kihesabu kuwa vitatu.

Hayo ya maktaba ni kweli. Tangu yale mafuriko ya mwaka juzi, yaliyofika kizingitini yakasita, Kitasa amekuwa akinunua vitabu vikuukuu kwa muuza mitumba. Kuwasha moto bila kiberiti. Kuchuja maji kwa mchanga. Mafundo ya kamba. Majani yanayolika na yanayoua. Kukausha nyama, kufuga kuku, kujenga kibanda porini, ingawa pori la karibu hakuna mtaani aliyewahi kuliona. Amevipanga juu ya kitanda cha mama yake, kwa sababu kuta nyingine zote zina unyevu. Mama huvitazama akasema, "Mwanangu, hivi vikiniangukia, hutahitaji mafuriko."

Na kile kikubwa nacho kina kisa chake. Kilikuwa kinene kama tofali, kina kila kitu ndani, na wote watatu walikitaka siku moja. Nusu Profesa akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi Kitasa akakibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma, akakikata mgongoni, baina ya kurasa, vipande vitatu. Sehemu ya kuhama akabaki nayo yeye, ya moto na kambi akapewa Kapteni, na ya maji na chakula akaichukua Nusu Profesa. Tangu hapo kila mmoja ni mtaalamu wa theluthi yake, na haulizwi kitu kingine.

— Dawa ya mvua ni moto, — Kapteni alianza, akipuliza kikombe chake. — Moto mkubwa, juu kilimani. Moshi ukipanda, mawingu yanakohoa, yanahama.

— Imeandikwa humo? — aliuliza Nusu Profesa.

— Haijaandikwa, ila mtu aliyesoma anaielewa.

— Kapteni, wewe umesoma moto, niachie maji, — alisema Nusu Profesa. — Maji ni hesabu. Mto umezidi kwa kiasi fulani, sawa? Kila nyumba ikiteka ndoo arobaini kwa mpigo mmoja, mto unashuka chini ya mstari. Watu wanakimbia maji badala ya kuyateka. Ujinga mtupu.

— Na hizo ndoo ukazimwage wapi? — aliuliza Mama Chupa.

— Hiyo ni sura nyingine.

— Mimi nasema hivi, — Kapteni akainua kidole. — Wahenga hawakuwa wajinga. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Maana yake nini? Mafuriko yakija, vua nguo! Nguo zikilowa ni mzigo. Watu wengi wanauawa na makoti.

— Safu nzima ya chini ipande huku uchi? — aliuliza Mama Chupa.

— Bora aibu kuliko msiba. Na kitanda je? Kitanda ni mbao, mbao inaelea. Funga madumu sita chini yake, maji yakipanda, mama yetu anatoka mlangoni amelala, anapunga mkono.

— Kitanda chake ni cha chuma, — alisema Kitasa.

Kapteni alishusha kidole. Kitasa aliuzima mtambo wake, akapangusa unga wa shaba vidoleni, akageuka kuwatazama. Kulikuwa na neno aliloliweka moyoni miezi mitatu, na siku zote alikuwa akijiambia kesho, kesho. Leo aliogopa kwamba kesho haipo.

— Kapteni, nina swali kuhusu sehemu yako. Ukurasa wa mia na kumi na tatu.

— Uliza.

— Sehemu yangu inaishia mia na kumi na mbili. Mstari wa mwisho unasema hivi: "Ikiwa katika familia yupo asiyeweza kutembea, kwanza kabisa." Basi. Hapo ndipo msumeno ulipopita. Kinachofuata kiko kwako. Nisomee.

Kapteni alitazama ndani ya kikombe.

— Unajua, ndugu yangu, sehemu yangu ni ya vitendo. Huwezi kuisoma bila kujaribu. Nilijaribu kuwasha moto kwenye mvua, na imeandikwa lazima uanze na karatasi kavu.

— Kapteni.

— Ule ukurasa ulikuwa hauna kichwa! Umeanza katikati ya sentensi, nikajua haunihusu.

— Umeuchoma?

— Uliwaka vizuri sana, — alisema Kapteni, kwa sauti ndogo.

Kitasa aliketi. Alikwisha kujiaminisha kwamba jibu lipo, limelala salama chini ya godoro la Kapteni, na kwamba siku ya siku litasomwa na mambo yatakuwa mepesi.

— Kulikuwa kumeandikwa nini? Jaribu kukumbuka.

— Kulikuwa na picha. Watu wawili, na kitu katikati yao. Shuka, au kiti. Au ni punda.

— Tutaijaza wenyewe, — Nusu Profesa aliwahi. — Sentensi si ndiyo hiyo? Kwanza kabisa, mfunge mgongoni kwa kamba.

— Kwanza kabisa, mpe kitu cha moto tumboni, — alisema Kapteni.

— Kwanza kabisa, tafuta mlango mpana.

— Kwanza kabisa, asiambiwe, asije akapata presha.

— Nyamazeni! — alisema Kitasa. — Huyo ni mama yangu.

Mwisho wa benchi, pale pa kukaa kwa imani, alikuwa ameketi mwanamke aliyejifunika karatasi ya nailoni. Alikuwa amehamia mtaani wiki hiyo, na alikuja kuchongesha ufunguo wa akiba. Ule wa kwanza ulioharibika ulikuwa wake, na wa pili pia, lakini alikuwa amesubiri bila kulalamika.

— Samahani, kaka, — alisema. — Mama anaweza kuongea?

— Anaongea kuliko sisi sote, — alijibu Mama Chupa.

— Sasa yeye mwenyewe anasemaje?

— Anasemaje kuhusu nini?

— Kuhusu kubebwa. Mwenye mwili ndiye anayejua upande unaouma. Mmemwuliza?

Kapteni alimtazama Nusu Profesa. Wote wawili wakamgeukia Kitasa.

Kitasa hakuwa amemwuliza. Alikuwa ameviuliza vitabu thelathini na kimoja, vya watu asiowajua, waliokaa misitu asiyoijua. Mama yake mzazi, mwenye akili timamu, aliyelala hatua nne kutoka kwake, hakumwuliza hata neno moja. Na sababu aliijua.

— Mwaka juzi, maji yalipofika kizingitini, — alisema, — aliniita. Akasema, "Mwanangu, yakiingia, wewe nenda. Mimi niache." Nikakohoa. Nikakohoa kwa nguvu, nikajifanya sikusikia. Kesho yake nikanunua kitabu cha kwanza.



— Nikimwuliza atanijibu, — aliendelea. — Mto naujua. Ninachokiogopa ni jibu lake.

Mama Chupa alitikisa chupa ya pili, ikalia tupu.

— Na akirudia lile lile? — aliuliza Kapteni. — Utamwambiaje?

Kitasa alikuwa amekwisha kusimama. Alivua aproni, akaitupa juu ya jiliwa, akaingia mvuani bila kofia wala mwavuli, akiteremka kwenye tope. Nusu Profesa alisema, "Twende," na Kapteni akamfuata. Lakini Kitasa alikuwa mbele sana. Walimsikia tu, hata kabla hajafika kwenye kona ya safu ya chini, akiita, "Mama! Mama!" kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni.