Simu Niliyokuwa Nikimpigia Marehemu

Wapendwa, Bwana na apewe sifa, na anayejua ametolewa mbali aseme amina! Mimi ni Mama Nyambura wa huku Kiamunyi. Leo ningekuwa natangaziwa matanga hapa, lakini nimesimama kwa miguu yangu.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Hata kikapu cha sadaka kikipita humwangalia aliyekishika! Tangu mume wangu afariki nimeishi na Nyambura wangu wa darasa la tatu. Kazi yangu ni jikoni katika hoteli ya mjini. Nashuka matatu pale steji saa mbili usiku, natembea peke yangu kando ya shamba la mahindi hadi nyumbani. Taa ya barabarani pale ilikufa zamani.

Wazee wa nyumba kumi walipanga kwamba anayechelewa apige simu, na mlinzi wetu, Kibet, atoke na tochi kumpokea. Mimi nikakataa! Huyu Kibet aliletwa na nani? Mbona anauliza kila mtu hufika saa ngapi? Si hayo ndiyo mwizi hutaka kujua? Nikawaambia majirani wamchunge. Nikaenda kumsema hadi kwa chifu. Kibet alijua, na bado alinisalimia kila asubuhi, na hiyo salamu pia nikaishuku.

Nilikuwa na mpango wangu. Nikifika gizani naweka simu sikioni nasema kwa sauti, "Baba Nyambura, naona tochi yako! Kuja na mbwa!" Upande wa pili hakukuwa na mtu. Nilikuwa nampigia marehemu.

Siku moja mvua ikanichelewesha. Nikasikia hatua nyuma yangu. Nikisimama, zinasimama. Nikaanza kumwita Baba Nyambura kwa nguvu. Ndugu zangu, simu ikalia! Ikalia papo hapo sikioni, katikati ya maneno!

Nyuma yangu mtu akacheka. "Mathe, kumbe hakuna mtu." Mwenzake akatokea upande wa mahindi.

Akilini nilimwona Nyambura akiningoja kwa jirani, yatima kabisa. Kidole kikabonyeza, sijui vipi, nikasikia sauti ya mwanamume: "Mama Nyambura, leo sijakuona ukipita. Uko wapi?" Sikuuliza ni nani. Mimi, wa kushuku! Nikapiga kelele, "Niko kwa mahindi! Yesu, niko kwa mahindi!"

Filimbi ikalia. Mageti yakafunguka, tochi zikaja mbio, na mbele yao Kibet na rungu, kiatu mguu mmoja tu. Wale watu wakapotelea mahindini na mkoba wangu, wakaniachia uhai.

Aliyepiga alikuwa Kibet. Nambari yangu aliiomba kwa mwenyekiti wa nyumba kumi, kwa sababu kila usiku huangalia ni nani bado hajaingia. Nilikuwa nimemfanya mwizi, naye alikuwa akiningoja nifike.

Kibet, usijifiche huko nyuma. Nisamehe mbele ya watu hawa. Sisemi nimepona kabisa. Jana ulipokohoa gizani niliokota jiwe kwanza. Bwana bado ananishughulikia.

Nawe unayetembea peke yako kwa kiburi kama changu, mwamini Mungu, na umwamini na yule aliyemtuma kwako. Asante Yesu! Kesho nikishuka steji nitapiga simu. Safari hii itapokelewa.