Chembe za Binti wa Fundi Viatu

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Fundi Viatu, na jioni ile tulikuwa na kazi ngumu. Binti yake yuko ng'ambo, anasomea mambo ya kugonganisha viini vya atomu, na kila Jumapili hupiga simu. Baba mtu huishia kuitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka simu ikatwe. Safari hii kaapa atasema neno la maana. Sisi hatujui kitu, na hilo halijawahi kutuzuia.

— Kwani alikuelezaje? akauliza Kinyozi.

— Viini vinagongana, chembe zenye chaji zinatawanyika. Sasa wanataka kujua kila chembe ni ipi. Inapita kwenye kipimo chembamba, inaacha nguvu kidogo. Halafu inakwama kwenye kipimo kinene, inaacha yote iliyobaki.

— Vipimo viwili vya nini? akadakia Mlinzi. Mimi getini nasikia kikohozi tu, nishajua ni nani.

— Juzi si ulimfungia nje bosi wako!

— Alikuwa na mafua.

Tukacheka. Dereva akaweka kikombe chini.

— Sikilizeni. Hizo chembe ni abiria baada ya ajali. Kila mmoja anatimka asije akaitwa shahidi. Kipimo cha kwanza kinachukua jina, cha pili alama za vidole.

— Chembe ina vidole, bwana?

— Kwani wewe umeiona?

Kinyozi akaapa kwamba kipimo cha kwanza kinanusa, maana chembe nzito lazima zitoke jasho.

Fundi Viatu hakuwa nasi. Alikuwa anageuzageuza kiatu cha mteja.

— Soli ikilika, akasema polepole, peke yake hainiambii kitu. Mnene anayetembea kidogo na mwembamba anayezurura wanaimaliza sawasawa. Mpaka nitazame na ndani, kisigino kilivyobonyea. Nikiyaweka pamoja, ndipo namjua mwenyewe.

Simu ikalia. Akayasema yale yale. Binti akapiga kelele tukamsikia wote: "Baba! Ndivyo hasa!" Akamwaga maelezo mpaka salio likamwishia. Tulishangilia hadi kahawa ikamwagika. Nilimpenda sana yule mzee saa ile.

Mkewe akatokea na kikapu chake.

— Kumbe amepiga? Amesema anarudi lini?

Kinyozi akamtazama Dereva. Dereva akamtazama Mlinzi.

Fundi Viatu akampisha mkewe kwenye benchi, akapiga tena mwenyewe, na mara hii hakutuuliza aseme nini.