Kamba ya Mgomba ya Omaido

Wakubwa, wakwe zetu, majirani wa Mella, na nyinyi watu wa baiskeli mumetoka Tororo, mimi ni Alupo, dada mkubwa wa marehemu, kusoma sikusoma, nasema ile iko kichwani, ya kuzaliwa kwake niliona na macho, ya kazi ya mjini alinieleza kwanza Nereah, mjane wake huyu amekaa hapa.

Ndugu yetu Yokana Omaido alizaliwa hapa Mella tarehe 3 mwezi wa tano 1934, siku ya mvua ya mawe, mimi nikambeba mgongoni mpaka akakataa mwenyewe, akaanza shule ya misheni 1943, akamaliza darasa la sita 1949, na mwaka wa 1956 akapata kazi ofisi ya mji, Tororo.

Mwaka wa 1961 barabara ya soko ilikuwa imekabwa, lori, gari, baiskeli, vyote vinasukumana, wakubwa wakataka kufukuza baiskeli mpaka kule ng'ambo ya reli, na baiskeli ndiyo inaleta ndizi zetu, tukifukuzwa tutabeba kichwani kutoka mbali, sasa nani atauza? Omaido akaomba aangalie kwanza ni nani anaziba njia, asubuhi akafunga kamba ya mgomba kwa kila gari na kila baiskeli iliyosimama, ili jioni ile bado iko na kamba ijulikane haikuondoka.

Lakini sisi tunajijua, ukiona fundo kwa mali hugusi, hiyo ni dawa ya mwizi. Wenye gari wakarudi, wakaona fundo, wakaruka nyuma, mmoja analia, "Nani ameniroga gari?", hakuna wa kushika mlango, lori ya simiti haipiti, mji ukalala hivyo, na mkubwa wake akamwambia kesho njia isipofunguka, yeye na baiskeli wote wanatoka.

Kesho yake Omaido akasimama mbele ya watu, akafungua fundo moja, akatia mdomoni, akatafuna, akameza, akaenda kwa la pili, na Nereah alikuwa pale anauza mtama, akapaza sauti, "Kumbe ofisi imeandika mbuzi kazi!", watu wakacheka, na mtu akicheka woga unatoka, kila mmoja akafungua ya kwake.

Akarudia kufunga, mara hii ametangaza kwanza, na jioni zilizobaki na kamba zilikuwa gari za wenye maduka wenyewe, na pale mlango wa soko baiskeli moja tu, ya Omaido. Akaondoa yake kwanza, ndipo akaenda kuwaomba wenye maduka waweke zao huko nyuma, wakaona haya kukataa, na baiskeli zetu ziko sokoni mpaka leo.

Alifunga ndoa na Nereah kanisani tarehe 14 mwezi wa saba 1962, Mungu akawapa Etyang 1963, Among 1965, na Ariokot 1968, na nyumbani mama watoto alimwita Mbuzi, naye anaitika.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 1969 kifua kikamshika, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, mpaka juzi tarehe 9 mwezi wa sita, saa kumi alfajiri, akatuacha, Nereah amemshika mkono.

Tunashukuru daktari na manesi, majirani mulioleta kuni na maji, wenzake wa ofisi, na nyinyi wa baiskeli mulitangulia mbele ya gari yake kutoka Tororo, munamfungulia njia.

Watoto, hiyo kamba mama yenu amefunga kwa sanduku asubuhi, naona munaiogopa, sio uchawi, ni ile ya baba, anafunga asubuhi, jioni anaangalia nani hakuondoka. Sasa ni jioni, na kamba bado iko. Yokana, umesimama mahali pako, hakuna wa kukufukuza, pumzika na amani.

Nyinyi watoto, haya, mulale, kesho tunamzika.