Mkanda wa Gari la Mkunga

Sogeeni wanangu, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena, na neno langu la kwanza si la nyumba wala la gereji: nilimsingizia mkunga. Ndiye huyu jirani yetu wa nyuma mnayemwita shangazi. Watu husema gari lilimzimikia mlimani kwa sababu alilikimbiza ovyo, huku amembeba mama mwenye uchungu, mtoto akazaliwa kando ya barabara hana uhai. Maneno hayo niliyatunga mimi, Mungu anisamehe, nikiwa nimeushika mkononi mkanda uliokatika.

Alikuwa ameniuliza mapema. "Fundi, kitabu cha gari kinasema mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, ubadilishwe kwa kilomita au kwa miaka, kitakachotangulia." Nikamcheka. "Dada, gari lako kazi yake kulala. Mkanda utachoshwa na usingizi?" Nikafungua kifuniko cha juu, nikaubonyeza kwa kidole gumba, nikasema bado mzima, kwa uvivu wa kufungua injini na kwa kupenda sifa. Mgongo wa mkanda ulikuwa laini. Nyufa zilikuwa kwenye mashina ya meno yake, upande wa ndani ambao sikuutazama. Mpira huzeeka hata gari likisimama. Ulipokatika, pistoni ziligonga valvu, na injini ikafa pale pale.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imenifikisha uzeeni, na yeye tangu siku ile hakuna mlango unaomwita usiku. Juzi alikuja kunigeuza kitandani, kwa mikono ile ile, nikafumba macho nikajifanya nimelala.

Gereji ni yenu wote wawili, msigawane spana kama watoto. Wewe mwanangu wa kiume, nimekusikia kwa dirisha hili ukimwambia mteja, "Mkanda huu bado sana, mzee." Najua kidole ulikiweka wapi, nilikufundisha mimi. Kiondoe. Dada yako akikwambia soma kitabu, usimwite mwalimu wa chekechea. Miaka ikitimia badilisha, pamoja na rola zinazoukaza, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo huo, hata kama macho yanakwambia ni mpya. Mwenye gari asiyejua mkanda ulibadilishwa lini, mhesabie kwamba haujabadilishwa. Akinuna, anune akiwa hai.

Nipe maji, binti yangu... Basi, yametosha.

Mungu awape mikono isiyoona haya kufungua kilichofungwa, na ndimi zisizomtwika mwingine mzigo wenu. Awaweke pamoja. Nami anihurumie... kwa mtoto yule.

Sasa usilie, binti yangu. Vaa viatu uende ukamwite mkunga. Na majirani walioko uani, waingie wote, wasikie mbele yake. Wewe kaka yake niinue, niegemeze ukutani, nitasema mwenyewe.

Pumzi ikinikatikia njiani, mwanangu, nakuomba umalizie wewe.