Hedifoni za Matundu

Kwenye treni, mbele yangu, kinyozi alikuwa akimfundisha mshonaji asiyemjua kuchagua hedifoni. Kwa alivyojiamini, angekunyoa gizani. "Chukua za matundu kama hizi zangu, dada yangu. Bei poa, na muziki unatanuka kama uko ukumbini: ngoma kule, waimbaji huku."

"Hayo matundu si yatavujisha sauti, kaka? Mimi nashona chumba kimoja na mama mkwe, hataki kusikia hata mbu."

"Nani kakudanganya? Halitoki hata tone!" Akazivaa, akafumba macho, akaongeza sauti ili kuthibitisha. Mshonaji akanitazama, nami nikageukia dirishani.

Treni iliposimama, kinyozi alikuwa bado anaapa kwamba hakuna mtu anayesikia, na bibi wa kiti cha nyuma alikuwa keshadaka kiitikio.