Tumbaku Ilivyokwaruza Mishipa Yangu

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe. Mwaka 1998, nikiwa na miaka arobaini na sita, mguu wangu wa kulia ulianza kunigomea. Nikitoka nyumbani Naipingo kwenda shambani, hatua mia mbili tu, kigimbi kinakaza. Nasimama, najifanya nakagua mikorosho ya watu. Nikipumzika maumivu yanaisha, nikitembea yanarudi.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini shamba nimelifyeka kwa mikono yangu, sikuzoea kuambiwa kitu. Nikaamua kuwa jirani yangu, Mzee Nampoto, kanitegea uchawi kwenye mpaka wa mashamba yetu. Salamu nikakata. Nikaenda kwa mganga wa kijiji cha Narung'ombe, akanichanja chale mguuni. Ndugu zangu, zile chale hazikupona. Zikawa kidonda, na kidole kimoja kikageuka cheusi.

Kanisa likaniombea, mke wangu akanipeleka hospitali ya misheni. Daktari hakuuliza habari za jirani.

"Mzee, unavuta?"

"Tangu ujana. Nasokota mwenyewe."

"Na kazi yako?"

"Napulizia mikorosho dawa."

"Mpira wa bomba ukikwaruzika ndani, inakuwaje?"

"Dawa inaganda palepale, mpira unaziba." Hilo nalijua kuliko yeye.

"Basi mshipa wa damu nao una ngozi laini ndani. Moshi umeikwaruza, mafuta yameganda hapo, damu haifiki mguuni. Ndiyo maana chale hazikupona. Ukiendelea kuvuta, mguu huu tutaukata."

Hapo Bwana alinifungua masikio. Tumbaku niliitupa chooni siku ileile. Kidole kilikwenda, mguu ukabaki. Nikameza dawa, na kidonda kilipofunga nikaambiwa nitembee: mpaka mguu uanze kuuma, nipumzike, nitembee tena. Kila siku. Mwaka 2001 nilifika shambani bila kusimama!

Nikaenda kumwomba radhi Mzee Nampoto. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka mitatu hunisalimii, bwana wee, kumbe mchawi ulikuwa unamwasha mwenyewe kwa kiberiti."

Ndugu zangu, wewe unayesimama njiani na kusingizia watu, mtumaini Mungu, tupa sigara, halafu nenda hospitali ukaonyeshe huo mguu. Usijifanye mjuzi kama mimi.

Namshukuru Bwana. Leo nina mikorosho mia tatu, nyumba ya bati, mbuzi kumi na mmoja, baiskeli ambayo siipandi, miguu miwili na vidole tisa.