Mipira Isiyotaka Shimo

Aliyeniambia kwanza ni wifi yangu Mwanamkasi, asubuhi nikikanda mahamri: makedi, wale wabeba fimbo za gofu, wamegeuza kiwanja chetu hapa Junda kuwa uwanja wao, na mipira haitaki kuingia shimoni. Katika kiwanja hicho amezikwa binti yangu Kuluthum, aliyeishi siku tisa. Sisi wanawake hatwendi mazikoni, na mume wangu alikuwa melini. Aliyemzika ni baba mkwe. Aliniambia tu, "Nimemwekea mawe mawili." Naye amekwisha kufa. Kwa haya zangu sikuwahi kwenda kuyatafuta. Ilinitosha kujua yapo. Baraza la makedi ni gogo la mnazi nyuma ya ua wangu wa makuti. Alasiri ile nilikaa karibu na ua, nikasikiliza na kuchungulia kwenye mwanya wa makuti.

Boga, mmoja wa makedi, ndiye aliyeanza.

— Nimepiga sawa. Mpira umefika hatua mbili na kopo la shimo, ukakata kushoto. Jumamosi nina mashindano, nami siingizi hata mmoja.

— Ni upepo, yakhe, akasema Ghanim, muuza kahawa.

— Upepo gani? Moshi wa jiko lako umesimama wima.

Kitsao, wanayemwita Fundi kwa kuwa hunyoosha fimbo zilizopinda, akakohoa.

— Ni fimbo hiyo. Kichwa chake kimechoka.

— Nimetumia yako pia, Fundi. Wafula ametumia mwavuli. Yote kushoto.

Wakacheka. Wafula, aliyetoka bara, hakucheka.

— Ni mipira yenyewe. Tuliiokota kwenye kidimbwi cha klabu ya wazungu. Imekaa majini miaka. Sasa inatafuta pa kulala.

— Mpira una usingizi, Wafula?

— Basi nieleze kwa nini yote husimama pamoja. Jana mipira sita. Imekusanyika kama mayai.

Ghanim akateremsha sauti.

— Mimi jana nilitupa kwa mkono tu, nimrudishie Boga wake. Nilitupa kulia.

— Ukaenda wapi?

— Hapo hapo. Wallahi.

— Mimi nimelala chini nikaweka shavu, akasema Kitsao. Ardhi imenyooka. Lakini hapo pana joto, kama godoro mtu ameinuka sasa hivi.

— Wacha hayo, Fundi.

— Urefu wa mkono wangu tu. Kando yake baridi.

Nilijua urefu huo. Niliubeba siku tisa.

Jumwa, mgeni aliyehamia nyumba ya pili wiki hiyo, akapita na ndoo ya maji kichwani. Akawasalimu, akasimama akitazama pale wanaposimama kupiga. Walikuwa wamepanga hapo mawe mawili ya kuwekea miguu.

— Mawe mazuri haya. Mliyatoa wapi?

Boga akamtazama Kitsao. Kitsao akamtazama Wafula.

— Yalikuwa humu humu, akasema Ghanim.

— Humu wapi?

Ghanim akainama kupuliza makaa. Jumwa akashika njia yake. Nao wakaondoka mmoja mmoja, vikombe vikiwa bado na kahawa.

Asubuhi yake nilimwachia Mwanamkasi mtoto wangu mdogo, nikajitanda buibui, nikaingia kiwanjani mara ya kwanza. Mipira ilikuwa bado pale. Hakuna aliyethubutu kuiokota. Nikaitoa, nikaweka kiganja chini. Umande ulikuwa umelowesha kiwanja kizima isipokuwa hapo.

Nikalibeba jiwe la kwanza, nikaliweka hapo pakavu. Nilipogeuka kufuata la pili, Boga alikuwa amesimama na fimbo yake. Mimi si mzoefu wa kusema na wanaume.

— Ni mwanangu, nikamwambia.

Akaiweka fimbo chini. Akaliinua jiwe la pili, akaniuliza jina la mtoto. Nikamwambia.